Unapiga gitaa kila siku ila huendi mbele? Mwongozo kamili wa kufanya mazoezi ya kueleweka

Mwangaluka wakuu.

Miaka sita nimepiga gitaa kila siku, na katika hiyo miaka sita sidhani kama nilifanya mazoezi hata miezi miwili. Najua inasikika kama fumbo ila subiri kidogo. Nilikuwa napiga rizimu kwenye kwaya huku Nyakato, Mwanza, nikirudi kwenye mishe jioni nachukua gitaa, napiga zile nyimbo nne ninazozijua, nafika pale kwenye F (mkao mmoja mgumu wa vidole) vidole vinakanyagana, naruka, naendelea, namaliza, roho kwatu, nalala. Kesho tena hivo hivo. Miaka sita F ile ile inanizingua, afu inanizingulia Jumapili mbele za watu, mwalimu wa kwaya ananigeukia na lile jicho.

Aliyenifumbua ni mzee mmoja pale Mwaloni Kirumba, zamani alikuwa mpiga besi wa mabendi ya dansi, siku hizi anauza nyavu. Nilimpigia wimbo mzima nikitegemea sifa. Akasikiliza mpaka mwisho, akakaa kimya, afu akauliza swali moja: "Kijana, pale katikati ulipojikwaa, umeshajikwaa hapo mara ngapi tangu uanze?" Nikacheka, nikamwambia mzee wangu hata sihesabu, mara elfu huko. Akasema, "Basi ndo ulichojifunza. Umejifunza kujikwaa, na umejifunza vizuri sana."

Iliniuma, ila ndo ukweli. Mkono haujui lipi sahihi lipi kosa, mkono unashika kile unachourudishia kila siku. Ukiurudishia kosa mara elfu unakuwa fundi wa hilo kosa. Kwahiyo kupiga ni kitu kimoja na kufanya mazoezi ni kitu kingine kabisa, na huu uzi wote ni kuhusu hicho cha pili. Ntatumia gitaa kwa mifano maana ndo ninalolijua, ila wa kinanda, ngoma, tarumbeta, hata zeze, njia ni ile ile na mwishoni nitawagusia.

HATUA YA 1: Gitaa litoke kwenye begi

Usicheke. Gitaa lililo ndani ya begi juu ya kabati lina zipu, lina vumbi, lina kiti cha kupandia, na we umechoka umetoka Igoma kwenye daladala umesimama njia nzima. Hutalichukua. Pigilia msumari imara ukutani ulitundike au liegemeze kwenye kona unayoiona ukikaa. Tangu nilitundike langu karibu na kitanda mazoezi yangu yaliongezeka bila hata kujilazimisha, yaani mkono unalifuata wenyewe.

Ila angalia joto. Sisi wa vyumba vya bati bila silingibodi, saa nane mchana chumba kinakuwa tanuri, na gitaa la mbao halipendi hiyo kitu, gundi inalegea, shingo inapinda. Litundike ukuta ambao jua haliuchomi. Na usiliache kwenye gari.

Hakikisha pia gitaa lenyewe halikupigi vita. Nenda freti ya 12 (freti ni vile vyuma vinavyokatiza shingo ya gitaa), angalia uwazi kati ya uzi na chuma cha freti, kwenye gitaa kavu, lile lisilo la umeme, ukizidi milimita 3 hivi ujue nyuzi ziko juu mno na utalia machozi bure ukadhani huna kipaji, kumbe ni gitaa. Peleka kwa fundi azishushe. Nyuzi zenye kutu badilisha, na ukimaliza kupiga zifute na kitambaa kikavu maana jasho la vidole pamoja na hewa ya unyevunyevu ya ziwa vinazila haraka.

Afu tuni, kila siku, hata kama jana ulituni. Kutoka uzi mnene kwenda mwembamba ni E A D G B E, ila namba zinahesabiwa kutokea mwembamba, huo ndo uzi wa 1 na mnene ndo wa 6. Programu za bure za kutuni zimejaa kwenye simu, ila chungulia sehemu ya mipangilio uone imeandikwa 440, hiyo ndo A ya kipimo kinachotumika duniani, ikiwa imechezewa ikawa namba nyingine we utajiona uko sawa chumbani afu ukifika kanisani hupatani na kinanda. Ukituni panda kutokea chini, yaani kama uzi umezidi usiushushe ukaishia hapo, ushushe upite kabisa halafu upandishe mpaka ufike, unashika vizuri zaidi. Kwanini nasisitiza hivi? Sababu sikio nalo linafanya mazoezi. Ukilizoesha gitaa lisilo na tuni mwaka mzima linazoea, na kulitoa huko ni kazi.

Majirani: tunaokaa Mabatini na Igogo nyumba zimebebana juu ya mawe, ukuta wangu ndo ukuta wako. Chukua kipande cha sponji au leso ukunje, kisukumie chini ya nyuzi pale karibu na daraja la gitaa (pale nyuzi zinapokalia kwenye mwili wa gitaa), sauti inafifia inakuwa tik tik tu. Vidole vinafanya kazi ile ile na mama mwenye nyumba analala.

HATUA YA 2: Muda kidogo, kila siku

Watu wanaulizaga nifanye masaa mangapi. Mwanzoni dakika 20 mpaka 30 kwa siku zinatosha, ila kila siku. Nusu saa kila siku kwa siku sita ni bora kuliko kuikusanya yote ukaimaliza Jumamosi, japo hesabu ni ile ile masaa matatu. Ubongo unahitaji kulala katikati. Kitu ulichokifanyia kazi vizuri jioni kikakataa kataa, unalala, asubuhi unakuta kimekaa chenyewe bila kugusa gitaa. Imenitokea mara nyingi mpaka siku hizi naitegemea, na wanaochunguza mambo ya kujifunza wameshalithibitisha, usingizi unakomaza ujuzi wa mikono.

Kuna ile stori ya masaa 10,000 ambayo kila mtu anaitaja. Ilitokana na utafiti uliotoka mwaka 1993, mwanasaikolojia K. Anders Ericsson na wenzake waliwafuatilia wapiga fidla wa chuo cha muziki kule Berlin. Hiyo namba ilikuwa wastani tu wa wale waliokuwa vizuri zaidi walipofika umri wa miaka 20, sio kwamba ukigonga masaa hayo unapewa cheti. Kilichonivutia mimi ni kingine humo humo: wale wazuri walikuwa wanafanya mazoezi peke yao kwa utaratibu, kipindi kimoja hakivuki saa moja na nusu hivi, wanapumzika, na mchana walikuwa wanajilaza kidogo. Yaani hata wale hawakukaa masaa sita mfululizo kama punda. Sasa we umetoka kazini unataka kukesha ili iweje.

Funga muda wako kwenye kitu ambacho tayari unakifanya. Mi yangu ni mara mbili: dakika 15 asubuhi maji ya kuoga yakiwa jikoni, na dakika 20 usiku kabla ya kula, kabla, sio baada, maana baada ya ugali na sato mtu hana mpango na mtu. Umeme ukikatika ndo raha zaidi, hamna TV, gitaa kavu halihitaji luku.

HATUA YA 3: Nunua daftari, andika kitu KIMOJA

Kaunta buku ya kawaida. Kabla hujagusa uzi andika leo unarekebisha nini. Na hapa ndo wengi wanapotea, wanaandika "leo naufanyia mazoezi wimbo fulani." Hiyo sio kazi, hiyo ni ratiba ya kujifurahisha. Andika kitu kidogo mpaka ukione aibu. Daftari langu lina mistari kama hii:

"Jumanne. Kutoka C kwenda F, kiitikio, mstari wa tatu. Kidole kidogo kinachelewa. Mapigo 52."

Ona ilivyo. Wapi, nini kinakosewa, kasi gani. Kama hujui nini kinakosewa bado hujaanza, kaa uchunguze kwanza. Ni kidole kipi? Kinachelewa au kinatua uzi wa jirani? Au tatizo liko mkono wa kulia, ule wa kukwangua, we unalaumu wa kushoto? Nimewahi kukaa wiki nzima nagombana na mkono wa kushoto kumbe piki (kile kiplastiki cha kukwangulia) inanasa uzi wa nne.

HATUA YA 4: Shida iko kwenye kivuko

Hii ndo hatua yenyewe, ukiwa na haraka soma hii tu.

Mnakumbuka safari ya Sengerema au Geita kabla daraja halijafunguliwa mwaka 2025? Lami ya kutoka Mwanza mjini mpaka Kigongo hainaga neno, lami ya kutoka Busisi kuendelea hainaga neno. Muda ulikuwa unaishia wapi? Kwenye kivuko. Foleni, kusubiri, kupakia, kushusha. Unaweza kuendesha kwa kasi unavyotaka huku bara, ukifika majini utasubiri tu na wenzako. Ndo wakajenga daraja, kilomita 3, na hawakujenga barabara nyingine pembeni ya ile iliyokuwepo, walijenga pale penye maji.

Kwenye gitaa kodi ya C unaijua (kodi ya muziki, yaani sauti kadhaa zinazopigwa pamoja, sio ile ya mwenye nyumba), kodi ya F unaijua, ukiambiwa shika F unaishika. Kinachokutesa ni kuhama kutoka C kwenda F bila kuchelewa. Lakini ukifanya "mazoezi" unafanyaje? Unapiga wimbo wote, dakika nne, ndani yake hilo hamo (yaani huko kuhama) linatokea labda mara nane, sekunde moja moja. Yaani kwenye nusu saa umegusa ugonjwa wako kama dakika moja na zilizobaki zote umepita kwenye lami.

Toa hamo nje ya wimbo. Fanya hivi:

Shika C. Kidole cha pete uzi wa 5 freti ya 3, cha kati uzi wa 4 freti ya 2, cha shahada uzi wa 2 freti ya 1. Piga mara moja. Sasa usihame, TAZAMA. Jiulize kipi hakina haja ya kuondoka. Kwenye F ile ya kubana nyuzi zote, kidole cha shahada kinalala freti ya 1 yote, cha kati kinaenda uzi wa 3 freti ya 2, kidole kidogo uzi wa 4 freti ya 3, na cha pete kiko wapi? Uzi wa 5 freti ya 3. Pale pale kilipokuwa! Hakihami! Miaka sita mimi nilikuwa nainua mkono mzima hewani kama napunga bodaboda, kumbe kulikuwa na nguzo moja tayari imesimama. Nilipogundua nilikaa chini nikacheka peke yangu.

Kwahiyo pete inabaki, vingine vinazunguka. Hama taratibu sana bila hata kupiga, kushoto tu: C, F, C, F. Vidole vishuke pamoja, sio kimoja kimoja kama abiria wanaoshuka Nyegezi stendi. Vikikataa kushuka pamoja, simama hewani juu ya nyuzi, panga umbo la kodi hewani, ndo uteremshe. Kumi hivo. Halafu ongeza mkono wa kulia, mkwaruzo mmoja kila kodi.

Ukishaweza, weka taimu ya simu dakika moja, hama mara nyingi uwezavyo, hesabu zile zilizolia safi tu. Ukipata 12 andika 12 kwenye daftari. Kesho tena. Ikifika 30 unaweza kuirudisha kwenye wimbo wa taratibu, ikifika 60 imekuwa yako. Mi kutoka 9 kufika 40 ilinichukua kama wiki tatu, dakika tano tu kwa siku, baada ya miaka sita ya kuteseka. Piga hesabu hiyo uone nilivyojipotezea.

C kwenda Am ndo rahisi kuliko zote, kinahama kidole kimoja tu, pete inatoka uzi wa 5 inaenda uzi wa 3 freti ya 2. Anza nayo kama we ni mgeni kabisa, upate moyo.

Na ukimaliza kivuko usikiache kiwe kisiwa. Kiunganishe: kodi moja nyuma yake, hamo, kodi moja mbele yake. Halafu mstari mzima. Mwisho wimbo. Watu wengi wanatoa kipande, wanakirekebisha kikawa safi, wakirudi kwenye wimbo kinaanguka tena wanasema mazoezi hayasaidii, kumbe hawakushona.

HATUA YA 5: Taratibu mpaka ikere

Kasi sahihi ya kuanzia ni ile ambayo unaweza kupiga kipande mara tatu mfululizo bila kosa hata moja. Sio kasi unayoitaka wala ya kwenye rekodi. Mara nyingi ni nusu, wakati mwingine chini ya hapo, na inaboa, najua. Vumilia. Ukipata mara tatu safi, panda mapigo 4 au 5 kwa dakika. Ukikosea mara mbili shuka 10 uanze kupanda upya. Usibaki pale pale ukigombana nayo maana hapo ndo unaanza kujifunza kujikwaa, mzee wa nyavu alishasema.

Kupima kasi unatumia metronomu, kidude kinachogonga mapigo sawasawa, zipo za bure kwenye simu. Hicho kidude kina stori yake ya kihuni, Johann Maelzel alikipatia hataza mwaka 1815 na jina lake ndo likavuma, lakini wazo alilichukua kwa Winkel, fundi wa Amsterdam. Dhuluma kwenye muziki haijaanza leo. Simu ikiisha chaji tumia saa ya ukutani yenye mshale wa sekunde, kila tik ni sekunde, hayo ni mapigo 60 kwa dakika, bure kabisa. Unataka 120, piga mara mbili kwa kila tik.

Kuna watakaosema metronomu ni mambo ya wazungu inaua hisia. Nendeni mkaone bugobogobo. Ile ngoma ya Wasukuma asili yake ni shamba, watu wanalima kwa mapigo, majembe yanapanda na kushuka pamoja, ukichelewa unaonekana na jembe lako. Hiyo ni metronomu ya kijiji kizima. Siku ukipita Bujora pale Kisesa, kwenye makumbusho ya Wasukuma, ukiona wanacheza usiangalie vichekesho vya majembe tu, angalia miguu. Hisia ipo tele na pigo haliyumbi hata nukta.

HATUA YA 6: Changanya

Ukiwa na vitu vitatu vya kufanyia kazi, usimalize kimoja dakika 20 ndo uende cha pili. Fanya dakika tano hiki, tano kile, tano kingine, rudi cha kwanza. Utajisikia unafanya vibaya zaidi, kwasababu kila ukirudi unakuta umeanza kusahau na inabidi ukitafute tena kichwani. Ndo dawa yenyewe hiyo. Ile raha ya kurudia kitu kimoja mara hamsini mpaka kinateleza inadanganya, kesho asubuhi kimeondoka. Kukitafuta tena ndo kunakipigilia.

HATUA YA 7: Jaribio la kwanza

Hii niliigundua mwenyewe baada ya kuaibika. Nyumbani nilikuwa napiga kipande fulani safi kabisa, ila ukichunguza, safi ya mara ya tano. Mara ya kwanza nakosea, ya pili nakosea, ya tano safi, najipongeza. Jumapili hakuna mara ya tano. Kwaya imesimama, mchungaji ameshakaa, we una nafasi moja na vidole vya baridi.

Basi siku hizi kila asubuhi nikishika gitaa kitu cha kwanza, sijapasha vidole wala nini, napiga kile kipande mara moja. Moja tu. Naandika kwenye daftari: "J1: safi" au "J1: nimekosea." Ndo mtihani wa kweli. Mpaka J1 iwe safi siku nne tano mfululizo, hicho kipande sikiweki kwenye ibada wala kwenye harusi ya mtu.

HATUA YA 8: Jirekodi

Rekoda ya simu, iweke mita moja, piga, usisikilize muda huo huo. Sikiliza kesho kwenye daladala na eafoni. Ukisikiliza papo hapo masikio bado yanasikia ulichokusudia, kesho yake yanasikia ulichopiga. Na chagua kitu kimoja cha kusikilizia, leo pigo tu, kesho usafi wa nyuzi. Mara ya kwanza kujisikia nilitaka kuuza gitaa. Nilikuwa najiona naenda sawa kumbe kila nikifika kwenye sehemu ngumu napunguza mwendo na kwenye rahisi nakimbia, kama boda la usiku.

HATUA YA 9: Sikio

Tusiishie kwenye vidole. Wale mafundi wa zamani wa dansi, akina Mbaraka Mwinshehe na wenzake, hawakuwa na video za kufundishia, sahani ya santuri na redio tu, unarudia rudia mpaka uinase. Nyie mna YouTube ina sehemu ya kupunguza kasi mpaka 0.5 na sauti haibadiliki kimo, afu bado mnaomba mtu awaandikie kodi.

Chukua sebene, sekunde tano tu, sio zote. Pakua kabisa usimalize bando. Punguza kasi. Kabla ya kugusa gitaa IIMBE. Kama umepitia kwaya unajua solfa, iimbe kwa do re mi. Kama huwezi kuiimba bado hujaisikia, na kama hujaisikia vidole vitakuwa vinabahatisha freti. Ukishaiimba sawa, tafuta sauti ya kwanza kwenye uzi mmoja, zinazofuata zitakuja. Mwanzoni sekunde tano zitakula siku mbili. Baada ya miezi michache zitakula dakika kumi.

MWILI WAKO, kwa kifupi

Ncha za vidole kuuma mwanzoni ni kawaida, wiki mbili mpaka nne sugu zinaota, usizikwangue. Kucha za kushoto fupi kabisa. Lakini maumivu ya kifundo cha mkono, kiwiko, au ganzi ya vidole hiyo SIO kawaida, acha kupiga siku hiyo, ikirudi rudi nenda hospitali, usijifanye jasiri. Mara nyingi chanzo ni kubana shingo ya gitaa kama unanyonga kuku. Jaribu hivi: shika kodi kwa nguvu kidogo mpaka nyuzi zife, ongeza nguvu polepole mpaka zilie safi, simama hapo hapo. Utashangaa ni nguvu ndogo kiasi gani. Na mabega yashushe, najua umeyapandisha sasa hivi unavyosoma.

UKIKWAMA

Kuna kipindi namba kwenye daftari zinagoma, wiki mbili uko 38 tu. Usiongeze masaa. Badilisha namna: anzia mwisho, piga kodi ya mwisho peke yake, halafu mbili za mwisho, halafu tatu, unarudi nyuma hivo mpaka mwanzo, hapo kila ukipiga unaelekea kwenye sehemu unayoijua badala ya kuelekea kwenye giza. Au piga kipande kwa mwendo wa kuchechemea, ndefu fupi ndefu fupi, afu geuza, fupi ndefu. Au acha siku mbili kabisa nenda Kamanga kaangalie watu wanapanda kivuko. Mi likizo ya siku mbili imeshanipandisha kuliko wiki ya kukomaa.

WA VYOMBO VINGINE

Kinanda: mkono mmoja mmoja kwanza, na mkono wa kushoto upewe muda zaidi maana ndo mnauonea. Vivuko vyenu ni pale kidole gumba kinapopita chini ya vingine. Ngoma na dramsi: mto wa kitandani, fimbo mbili, saa ya ukutani. Mto haukurudishii fimbo, kwahiyo kifundo kinafanya kazi yote, ukirudi kwenye ngozi unajiona mwepesi. Tarumbeta: sauti moja ndefu, tulivu, isiyotetemeka, kila siku kabla ya mbwembwe, na midomo ikichoka pumzika, haina mjadala. Zeze: mkono wa upinde ndo kivuko chako, fanya uzi mtupu taratibu mpaka upinde usikwaruze pale unapogeuka.

Na jamani, muda wa kupiga tu kwa raha ubaki. Mi dakika tano za mwisho kila siku napiga ninachotaka, nikikosea nakosea, sirekebishi, hamna daftari. Ukiondoa hiyo utachukia gitaa ndani ya mwezi. Na tafuta mtu wa kupiga naye hata mara moja kwa wiki, hata kama anakuzidi, hasa kama anakuzidi, maana mwenzio hakusubiri ukijikwaa na hapo ndo unajua pigo lako ni la kweli au la chumbani.

Maswali mniulize, ntajibu nikitoka kwenye mishe. Mimi mwenyewe wiki hii niko kwenye kutoka Bb kwenda Gm, jana nimefika 41 kwa dakika nikavimba kichwa. Leo asubuhi J1: nimekosea.